Kujenga Nyumba Watu Wakiwa Ndani

Mwezi huu tutafanya safari. Hatutalipa tikiti ya ndege, wala hatutaomba viza. Tutakwenda Uingereza, katika muji wa Liverpool, kutazama kiwanja cha mupira kinachoitwa Anfield. Najua kuko vijana kati yenu wanaojua jina hilo vizuri kuliko majina ya manabii wadogo kumi na wawili! Lakini leo hatuendi kutazama buti. Tunakwenda kutazama mafundi. Tunataka kujua neno moja: namna gani watu wanaweza kujenga upya nyumba kubwa, wakati maelfu ya watu wanaendelea kuingia na kutoka ndani yake, na kila mutu arudi kwake muzima?

Ulizo hili si la Wazungu peke yao. Katika mitaa yetu ya wafanyakazi wa madini, makanisa ni mengi yenye ukuta mupya unaopanda inje ya ukuta wa zamani. Tunaimba ndani, tunajenga inje. Siku moja malata ya zamani yatatoka, na watu watajikuta katika nyumba kubwa. Ni namna nzuri ya kujenga. Lakini iko na hatari zake, na juu ya hatari hizo tunasema kidogo sana. Basi twende, tuone, kisha turudi na neno la kufanya.

MUJI WA MASUWA

Liverpool ni bandari, kandokando ya muto Mersey. Katika karne ya 18 masuwa ya muji huu yalibeba watumwa wa Afrika wengi sana, na hakuna muji mwengine wa Uingereza uliofikia kiasi hicho. Kisha, jina la Liverpool linagusa Kongo yetu pia. Kulikuwa karani moja, E. D. Morel, aliyefanya kazi katika kompanyi ya masuwa ya Elder Dempster, kompanyi ya Liverpool. Alipotazama hesabu za mizigo, aliona kwamba masuwa yanatoka Kongo yakijaa kauchu na pembe za tembo, lakini yanarudi Kongo yakibeba zaidi bunduki na risasi. Akajiuliza: watu wale wanalipwa na nini? Kutoka ulizo hilo, katika mwaka 1904, kulianzishwa katika Liverpool chama cha kupigania watu wa Kongo waliokuwa wakiteswa chini ya mufalme Léopold. Shikeni neno hilo katika kichwa: mutu anayehesabu kwa uaminifu anaweza kuokoa maisha ya watu. Tutalikuta tena.

Kutoka bandari unapanda kidogo, unaingia katika mitaa ya nyumba za matofali mekundu, zimeshikana katika mustari mumoja sawa nyumba za kampi ya wafanyakazi. Watoto wanacheza njiani. Mara, mwisho wa mutaa, unaona ukuta mukubwa unaopita nyumba zote kwa urefu. Njo Anfield. Kiwanja hakiko mbali na watu. Kimekaa katikati yao, sawa kanisa la mutaa.

EKIPE ILIYOTOKA KANISANI

Tena, neno la kanisa hapa si mufano tu. Katika mwaka 1878 vijana wa kanisa la Wametodisti la St Domingo walianza kucheza mupira. Ekipe yao ikaitwa Everton. Toka mwaka 1884 walicheza pale Anfield. Katika mwaka 1892 kulitokea magomvi na John Houlding juu ya feza za kupanga kiwanja, nao wakahama, wakaenda ngambo ya pili ya bustani ya Stanley Park. Houlding akabaki na kiwanja bila ekipe. Akafanya nini? Akaanzisha ekipe mupya, ikaitwa Liverpool. Hivi ekipe mbili kubwa za muji zimetoka katika shina moja, nalo ni kanisa.

Sisi wa Katanga hatushangai. TP Mazembe vile vile ilianzishwa na watu wa misioni, wamonaki Wabenediktini, katika mwaka 1939. Mupira na kanisa wamejuana zamani.

KUHAMA AO KUBAKI?

Upande mumoja wa Anfield unaitwa Kop. Ulijengwa katika mwaka 1906, na jina lake limetoka Afrika: Spion Kop ni mulima wa Afrika ya Kusini, mahali askari wengi wa Uingereza walikufa katika vita ya mwaka 1900. Pale watu walikuwa wakisimama bila viti, maelfu na maelfu, wamebanana bega kwa bega.

Kisha ikafika tarehe 15 mwezi wa nne 1989. Ekipe ya Liverpool ilikwenda kucheza katika muji wa Sheffield, kwenye kiwanja cha Hillsborough. Watu wengi waliachwa kuingia katika sehemu iliyokuwa imekwisha kujaa, na mbele yao kulikuwa wavu wa chuma. Watu 97 walikufa juu ya kukandamizwa siku ile, wa mwisho akiwa amekufa katika mwaka 2021 kwa vidonda vya siku ile ile. Wengi walikuwa vijana. Serikali ikamuweka muamuzi Taylor kuchunguza, na kiisha maneno yake ya mwaka 1990, viwanja vikubwa vya Uingereza vililazimishwa kuweka viti kwa watu wote. Katika mwezi wa nne 1994 watu walisimama katika Kop kwa mara ya mwisho. Mahali palipokuwa panasimama karibu watu 30,000 katika siku za zamani, viti vikawa kitu kama 12,000.

Unaona taabu sasa? Watu wanaopenda kuingia wanaongezeka, lakini nafasi imepunguka. Wakubwa wa ekipe wakawaza kuhama, wajenge kiwanja kipya ndani ya bustani ya Stanley Park. Miaka ikapita na mupango ukabaki katika karatasi. Nyumba nyingi za mitaa ya karibu zilinunuliwa na kufungwa na mbao, na jamaa zilizobaki ziliishi kando ya nyumba tupu, mitaa ikizeeka mbele ya macho yao. Tusisahau watu hawa. Kila mara kitu kikubwa kinapojengwa, kuko jirani anayelipa bila kuulizwa. Sisi wa maeneo ya madini tunajua habari hiyo.

Katika mwaka 2012 wenyeji wapya wa ekipe wakakata shauri: hatuhami. Tutajenga hapa hapa, na tutaendelea kucheza.

FUNDI ANAYEJENGA NYUMA

Kazi ya tribini kubwa ilianza mwezi wa kumi na mbili 1914? Hapana, ndugu, ni juzi tu: 2014. Sasa tazameni akili ya mafundi. Hawakubomoa tribini ya zamani. Walisimamisha nguzo za chuma nyuma yake, inje, mahali zile nyumba za mutaa zilipokuwa zimetolewa. Nguzo zikapanda, zikapita dari ya zamani, mpaka nyumba mupya ikawa kama baba anayesimama nyuma ya mutoto. Watu wakaendelea kukaa katika tribini ya zamani siku za muchezo, wakiona vyuma juu ya vichwa vyao, kila juma virefu zaidi. Chuma kimoja cha kubeba dari kilikuwa na uzito wa tani 650. Wazeni lori la kariere lililojaa, kisha mengine, na mengine tena, yote yameungwa na kupandishwa juu!

Halafu, wakati wa likizo ya michezo katika mwaka 2016, njo dari ya zamani ilitolewa, na ya zamani na ya mupya vikaunganishwa. Likizo ilikuwa fupi. Basi ekipe ikaomba icheze michezo yake mitatu ya kwanza ya mwaka kwa watu wengine: kwa Arsenal, kwa Burnley, kwa Tottenham. Tarehe 10 mwezi wa kenda 2016 wakafungua nyumbani, na viti kama 8,500 vilikuwa vimeongezwa.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: kitu cha zamani kinaachwa kibebe kazi mpaka kipya kiwe na nguvu ya kuibeba. La pili: kazi ya hatari kuliko yote, kutoa dari, inafanywa wakati hakuna mutu ndani. Kama wakati hautoshi, wakati unaombwa. Watu hawawekwi chini ya kazi isiyoisha.

SIKU YA MUCHEZO

Wengine watasema: Wazungu wako na feza na mashini. Ni kweli. Lakini yale yanayookoa watu siku ya muchezo hayaombi feza nyingi.

Kwanza, shantie na watazamaji hawachanganyiki. Kuko ukuta ao uzio kati yao, na mashini za kunyanyua hazipitishi muzigo juu ya kichwa cha mutu. Mbao, misumari na vyuma vinaokotwa mbele ya milango kufunguliwa.

Pili, watu wanahesabiwa. Katika mwaka 1971 watu 66 walikufa katika ngazi za kiwanja cha Ibrox, kule Glasgow. Kiisha hapo, sheria ya mwaka 1975 iliomba kila kiwanja kikubwa kiwe na barua ya usalama, na barua hiyo inatoka kwa wakubwa wa serikali ya mahali, haitoki kwa ekipe. Inasema: hapa wataingia watu kiasi hiki, hawatapita. Shantie ikifunga mulango mumoja ao njia moja, ile namba inashuka. Waenjenieri wanapima hivi: siku ya kawaida, watu wote waweze kutoka katika nafasi za kutazamia kwa dakika 8. Munasikia? Hawaanzi na kuuliza, "Watu wangapi wanaweza kuingia?" Wanauliza, "Watu wangapi wanaweza kutoka?"

Tatu, nyumba mupya inajaribiwa na watu wachache. Everton, ndugu wa Liverpool, walipomaliza kiwanja chao kipya cha bandarini, hawakukijaza siku ya kwanza. Katika mwezi wa pili 2025 waliingiza watu 10,000 kutazama muchezo wa vijana wadogo. Mwezi uliofuata wakaingiza 25,000. Walitazama milango, ngazi, vyoo, mataa. Muchezo mukubwa ulingoja.

HARAKA YA FURIANI

Sasa tuvuke bahari, twende kisiwa cha Corsica, Ufaransa, tuone nyumba iliyojengwa kwa njia nyingine. Katika mwaka 1992 ekipe ya Bastia ilipaswa kumupokea Marseille, wakati ule Marseille ilipokuwa na nguvu sana. Kila mutu alitaka kuingia katika kiwanja kidogo cha Furiani. Wakubwa wakaona feza. Tribini ya zamani ya upande wa kaskazini ikabomolewa, na kwa siku chache ikasimamishwa nyingine ya vyuma vya kuunganisha, ya watu karibu 10,000. Jioni ya tarehe 5 mwezi wa tano, watu wakiwa wamejaa, mikrofone iliwaomba wasipige miguu. Muchezo haujaanza bado, sehemu ya juu ya tribini ikaanguka. Watu 18 walihesabiwa kuwa wafu, kisha hesabu ikafika 19. Walioumia walipita 2,300. Mpaka leo, kwa sheria ya mwaka 2021, hakuna muchezo wa ekipe za kulipwa unaochezwa Ufaransa tarehe 5 mwezi wa tano.

Na kuko hatari nyingine, ya kuchelewa. Katika muji wa Bradford, Uingereza, kulikuwa tribini ya mbao. Chini ya sakafu yake takataka zilijaa miaka mingi. Ilikuwa imepangwa kutoa ile dari ya mbao na kuweka ya chuma, kazi ianze paka kiisha muchezo wa mwisho wa mwaka. Katika muchezo ule wa mwisho, tarehe 11 mwezi wa tano 1985, moto ulishika zile takataka. Watu 56 walikufa. Kazi ilikuwa karibu sana kuanza! Lakini kufagia chini ya mbao hakukuhitaji kungojea vyuma. Kungehitaji ufagio.

FUNDI ANAPOANGUKA

Msiwaze kwamba Anfield kila kitu kilikwenda vizuri. Katika mwaka 2021 walianza kupanua upande wa Anfield Road, tena kwa njia ile ile, watu wakiendelea kuingia. Mupango ulikuwa kumaliza mwanzo wa michezo ya mwaka 2023. Lakini mwezi wa nane 2023 kompanyi iliyokuwa ikijenga ilifilisika, ikasimamisha kazi. Wafanyakazi walikwenda nyumbani, na sehemu ya juu haijaisha.

Wakubwa wa ekipe walifanya nini? Tikiti zilikuwa zinatafutwa sana, na kila kiti kitupu kilikuwa feza inayopotea. Lakini sehemu ya juu ilibaki imefungwa. Wakatafuta kompanyi nyingine. Mwezi wa kumi na mbili sehemu yake ikafunguliwa, na tarehe 10 mwezi wa pili 2024 watu 59,896 waliketi Anfield, hesabu ambayo muchezo wa ligi haujafikia pale mbele ya siku ile. Kungoja hakukuua ekipe.

Barcelona wao walichagua kuhama. Katika mwaka 2023 waliacha kiwanja chao cha Camp Nou, wakaenda kucheza juu ya mulima Montjuïc. Walitumaini kurudi katika mwisho wa mwaka 2024, haikuwezekana. Katika mwezi wa kenda 2025 ekipe kubwa ile ilicheza katika kiwanja cha watu 6,000 tu, kwa sababu serikali ya muji haijatoa ruhusa. Haya, ndugu, haya hayakuwa maneno ya kufurahisha! Walirudi tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 2025, na watu kama 45,000 tu, sehemu nyingine ikiwa shantie bado. Haya iliwafikia, lakini hatukusikia kilio cha mazishi.

TURUDI KWETU

Sasa tumerudi Kongo. Hapa kwetu vile vile tumelia. Tarehe 11 mwezi wa tano 2014, katika kiwanja cha Tata Raphaël, Kinshasa, Vita Club ilicheza na Mazembe. Fujo ilitokea, watu wakakimbilia kutoka, na zaidi ya watu kumi walikufa. Ni ulizo lile lile: watu wangapi wanaweza kutoka?

Nataka kuwambia neno moja la Biblia ambalo halihubiriwi mara nyingi. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamuamuru mutu anayejenga nyumba mupya azungushe ukuta mudogo juu ya dari yake, ili mutu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tazama: ni sheria ya ujenzi, imewekwa katikati ya sheria takatifu. Mungu hakusema, "Ombeni ili mutu asianguke." Alisema: jenga ukuta.

Katika Luka 13 Yesu alitaja munara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, hesabu ile ile waliyoihesabu kwanza kule Furiani. Alisema wazi kwamba watu wale hawakuwa wakosefu kupita wengine. Basi tusiseme juu ya maiti kwamba walikuwa na zambi, ao kwamba kuko ndoki. Tena tusifunike kazi mbaya na maneno "ni mapenzi ya Mungu". Mafundi na wakubwa wa kazi wataulizwa hesabu.

Kwa hiyo, kama kanisa lako linajengwa watu wakiwa ndani, wazee wa kanisa wafanye haya. Ukuta usiokauka, watoto wa shule ya Yenga wasiketi chini yake. Siku ya Posho jioni, vijana waokote misumari, mbao na vyuma, wafagie. Vyuma vinavyotokea katika nguzo vifunikwe. Mulango wa zamani usifungwe na matofali mbele ya mulango mupya kufunguka. Kwaya ya ugeni ikija, ao mukutano mukubwa wa Pasaka, hesabuni milango mbele ya kuhesabu viti. Wakizidi, muabudu inje chini ya miti ao mara mbili, asubuhi na mangaribi. Na siku ya kutoa malata ya zamani, nyumba iwe tupu.

Mutu wa shimo anajua: hakuna kapita mwenye akili anayeingiza poste mupya chini ya dari ambayo haijashikizwa. Ujuzi huo tusiuache mulangoni mwa kanisa siku ya Yenga. Nehemia na watu wake walijenga ukuta wa Yerusalema na silaha mukononi, kwa sababu walijua kwamba kujenga na kulinda ni kazi moja. Walifanya haraka, ndiyo. Lakini waliweka walinzi.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Kanisani kwetu, ao shuleni kwa watoto, kuko milango mingapi? Watu wote wanaweza kutoka kwa dakika ngapi?

2. Ni takataka gani tunazoziacha "mpaka kazi kubwa ianze"?

3. Nani kati ya jirani zetu analipa bei ya ujenzi wetu bila kuulizwa? Tutamwendea siku gani?